Unitembelee Namugongo

Mei 23, Bukoba

Mama alitumia neno lenye mtego. "Mwaka huu unitembelee," aliniambia kwenye simu mwezi wa pili, nami nikadhani ananisuta kwa kutokwenda nyumbani kumjulia hali. Kumbe alitaka nitembee kwa niaba yake. Kwa miguu, kutoka mpakani Mutukula hadi Namugongo, zaidi ya kilomita 200, nifike kabla ya Juni 3, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa amri ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda.

Nadhiri hii ya mama ni ya mwaka 1991, baba akiwa kitandani mifupa mitupu. Hakuitimiza. Kwanza hakukuwa na hela, halafu watoto tulikuwa wanne, halafu magoti yakakataa. Padre alimwambia nadhiri inaweza kubadilishwa, afanye tendo jingine jema pale pale parokiani. Hakutaka hata kusikia.

"Mama, mimi siamini," nilimkumbusha.

"Sijakuomba uamini. Nimekuomba utembee."

Niliweke wazi hapa mwanzoni, asije mtu akasoma akisubiri niongoke njiani. Nilibatizwa, nikapata kipaimara, nikatumikia misa miaka minne kigangoni kwetu. Sala zote ninazo kichwani. Imani iliniishia kama mafuta ya taa kwenye chemli: mwanga ulipungua kidogo kidogo, na giza lilipokuja sikuweza kusema lilianza saa ngapi. Sikugombana na mtu. Lakini kuna jambo moja ambalo hata nikiwa mtoto na kanzu yangu nyeupe halikuniingia akilini, nalo ni kwamba mtu mwingine aliteswa akafa, na mateso yake yakafuta kosa langu. Kosa ni langu, maumivu ni yake, hesabu inafungwaje?

Na sasa natumwa kutembea badala ya mtu.

Mei 24, Mutukula

Hiace mbili, watu 31, bendera ya parokia, ngoma moja. Tumevuka mto Kagera pale Kyaka asubuhi na mapema. Daraja hili majeshi ya Idi Amin yalililipua mwaka 1978. Baba alivukia daraja la muda mwanzoni mwa 1979, akiwa mgambo mwenye bunduki na viatu vya kuazima.

Sikulifikiria hili mpaka kiongozi wetu alipotusomea ratiba ya vituo: Mutukula, Kyotera, Masaka, Lukaya, Mpigi, Kampala. Ndiyo njia ile ile ya jeshi letu mwaka 1979, mji kwa mji.

Tumeanza kutembea saa sita mchana baada ya kugongewa pasi. Rozari mbili, nyimbo, jua. Nimeimba. Sauti ya tatu ya nyimbo hizi naijua kuliko namba yangu ya simu, na sioni kwa nini niinyamazishe.

Mei 25, Kyotera

Nina lengelenge kisiginoni la ukubwa wa shilingi. Bibi mmoja wa kundi letu, kanizidi miaka ishirini na ananiacha nyuma kila mlima, alinitazama nikichechemea akasema, "Waitu, usiyapoteze hayo maumivu. Yatolee kwa roho za toharani."

Nilicheka, naye hakucheka. Kwake maumivu ni kama chenji: usiiache ikaanguka njiani, kuna mtu mahali fulani anaihitaji. Paulo aliwaandikia Wakolosai kitu cha namna hiyo, kwamba anayatimiliza katika mwili wake yale yaliyopungua ya mateso ya Kristo. Sentensi hiyo ilinisumbua tangu darasa la mafundisho. Yamepunguaje? Si tuliambiwa yametosha?

Lakini Kyotera imenikalia vibaya kwa sababu nyingine. Eneo hili lilikuwa wilaya ya Rakai. Ni kwenye mialo ya huku, Kasensero, ambako mwaka 1982 watu walianza kukonda na kufa bila mganga wala daktari kujua kwa nini. Mwaka uliofuata hospitali ya kwetu Kagera ikapata wagonjwa wake wa kwanza. Ulikuwa Ukimwi. Huku waliuita Siliimu, kwa jinsi unavyomkondesha mtu. Kwetu tuliuita Juliana, jina la nguo za magendo zilizokuwa zikivushwa mpakani, maana waliotangulia kuugua walikuwa wafanyabiashara wa nguo hizo. Ugonjwa ukapewa jina la shati.

Baba alifanya biashara ya mpakani baada ya vita. Nilikuwa na miaka 11 alipokufa. Kwenye msiba wake mzee mmoja wa kanisa, simtaji, alisimama akasema mshahara wa dhambi ni mauti. Alisema mbele ya jeneza, mbele ya mama, mbele yetu sisi wanne tuliokaa kwenye mkeka. Wiki chache baadaye tukamzika mtoto wa jirani, miaka miwili, ugonjwa ule ule. Nilimsubiri yule mzee aseme mshahara wa nini. Siku hiyo hakuomba kusema.

Kuna mahali kwenye Injili ya Yohane wanafunzi wanamwuliza Yesu juu ya mtu aliyezaliwa kipofu: "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake?" Jibu linaanza vizuri kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia: huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Kama angeishia hapo ningekuwa mfuasi wake hadi leo. Lakini inaendelea: bali kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake. Yaani mtu kakaa gizani tangu kuzaliwa ili siku moja awe ubao wa tangazo. Mtoto wa jirani alidhihirisha nini?

Tumelala kwenye madarasa ya shule. Mbu wengi.

Mei 26, njiani baada ya Kalisizo

Mvua. Hakuna la kuandika ila chapati na maharage, ambayo hapa inaitwa kikomando.

Mei 27, Masaka

Soli ya kiatu changu ilibanduka tukiingia Nyendo. Nikamwona fundi viatu mzee chini ya mwavuli, nikaanza kwa ishara, akanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka.

"Umejifunzia wapi, mzee wangu?"

"Kwa askari wenu, mwaka 79. Neno la kwanza walilonifundisha lilikuwa 'lala chini'."

Alisema huku akipitisha sindano, bila kuinua kichwa. Mji huu ulipigwa mizinga Februari 1979, na ulipotekwa askari wetu waliendelea kuyabomoa majengo yake kulipiza yaliyofanywa Kagera. Shuleni kwetu tunafundisha Kagera. Ninafundisha mimi mwenyewe, somo la historia, kidato cha pili. Masaka huwa naipitia kwa sentensi moja: "majeshi yetu yakaiteka Masaka."

Nikasema, "Pole, mzee."

Akasimamisha sindano. "Pole ya nini? Wewe ulikuwepo?"

Sikuwepo. Nilizaliwa mwaka uliofuata. Baba ndiye alikuwepo, na hakuwahi kutusimulia Masaka hata mara moja. Alisimulia Mutukula, alisimulia wenyeji wa Kampala wakiwarushia maua Aprili, katikati hapo akanyamaza.

Mafundisho yale ya dhambi ya asili niliyapinga kwa nguvu nikiwa kijana. Nilikuwa na Ezekieli mkononi kama rungu: "mwana hatauchukua uovu wa baba yake." Nilimwuliza katekista, kama Mungu mwenyewe kasema hivyo, kwa nini mimi nimeoshwa dhambi ya Adamu nikiwa na wiki tatu? Hakuwa na jibu, nikajiona nimeshinda. Leo nimekaa kwenye kigoda cha fundi viatu nikiomba radhi kwa jambo lililotendwa kabla sijazaliwa, na hakuna aliyenilazimisha. Ilinitoka tu, kama mtu anayejikuta na deni la duka kwenye daftari lenye jina la ukoo.

Hilo halinifanyi niamini kuna doa rohoni mwa mtoto mchanga. Nasema tu kwamba Ezekieli wangu alikuwa mwepesi mkononi kuliko nilivyodhani.

Mzee alinidai shilingi elfu tano za Uganda na hakupunguza hata senti. Nilifurahi hakupunguza.

Mei 28, Lukaya

Kuku wa kuchoma na gonja barabarani. Wauzaji wanakimbilia madirisha ya mabasi na mishikaki kumi kumi mkononi. Hapa ndipo Machi 1979 askari wetu walipigana na Walibya waliotumwa na Gaddafi. Hakuna kibao nilichokiona.

Jioni misa fupi uwanjani. "Nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana." Mkono ukaenda kifuani wenyewe. Nikajiuliza kama ninadanganya, nikaona hapana: nimekosa kweli, orodha ninayo. Ninachokosa ni wa kumwambia. Wale niliowakosea wengine hawapokei simu, na mmoja kafa.

Mei 29, Kayabwe

Tumetembea siku nzima tukiiacha Lwera nyuma, bonde la maji na mashimo ya mchanga, hakuna kivuli. Mstari wa ikweta upo hapa Kayabwe, na duara lile la zege ambalo watalii wanapigia picha. Kundi zima lilipiga picha, mguu mmoja kaskazini mwingine kusini. Bibi yangu wa maumivu-usiyapoteze alikataa: "Sikuja kutazama mstari."

Mei 30, Mpigi

Leo nimempigia mama. Nilikuwa nimechoka na, nikiri, nilikuwa na hasira ya siku kadhaa. Nikamwambia: Mama, niambie ukweli. Uliweka nadhiri baba apone. Hakupona. Basi Mungu hakutimiza upande wake. Unadaiwa nini? Miguu yangu inavuja damu kwa deni gani?

Kimya. Nilidhani salio limeisha.

"Nani alikuambia niliomba apone?"

"Si ndivyo..."

"Mwanangu, mimi nilikuwa namwogesha. Nilijua haponi. Na nilijua alikoutoa, na kwa nani, na huyo mwanamke alikuja kwenye mazishi akakaa nyuma yangu. Mimi niliomba nisimchukie. Nikasema Mungu akinitoa hii chuki, nitakwenda Namugongo kwa miguu."

Nikauliza, basi kwa nini hukwenda ukiwa na magoti?

"Kwa sababu haikutoka. Nilikuwa napika na chuki, nalala na chuki. Nisingekwenda kushukuru kitu sijapata. Imetoka juzi juzi tu, Kwaresima ya mwaka huu. Niliamka nikaitafuta, haipo. Ndiyo nikakupigia."

Miaka zaidi ya thelathini. Tulikua mbele ya macho yake hatukujua kwamba kuna kazi nyingine anayoifanya kila siku mbali na migomba na ada za shule.

Sikulala. Nimekuwa nikiliendea jambo hili kwa hesabu za Anselm, yule askofu wa Canterbury wa karne ya 11, aliyelipanga kama kesi ya heshima: mwanadamu kamvunjia Mungu heshima, fidia yake ni kubwa kuliko uwezo wake, hivyo Mungu anakuwa mtu ili alipe. Na mimi siku zote nilimjibu Anselm kwamba mdai mwenye utu anasamehe tu, basi, anachana daftari. Kwa nini lazima damu? "Pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo," wanasema Waebrania, nami nikisikia hapo nanusa machinjio.

Lakini nilikuwa nawaza msamaha kama mtu asiyewahi kudaiwa kuutoa. Nilidhani kusamehe ni bure. Mama alikosewa, na aliyekosa amelala kaburini hana la kulipa. Mzigo wote ulibaki kwa aliyekosewa, akaubeba miaka thelathini na kitu ili usitufikie sisi. Na haukutufikia. Mimi nilimpenda baba. Nina picha yake kwenye pochi. Hiyo picha imelipiwa, na aliyeilipia si yeye.

Kama hicho ndicho wanachokisema kwa msalaba, kwamba anayesamehe ndiye anayeumia, basi kuna sehemu yake nimeielewa leo, usiku, Mpigi, kwenye turubai linalovuja. Ila mama hakuhitaji kumtuma mwanawe auawe ili aweze kusamehe.

Alimtuma atembee tu. (Nimecheka peke yangu gizani hapo. Jirani akageuka.)

Mei 31, Kampala

Magari, moshi, boda zinatupa njia zikisikia ngoma. Wanawake kibarazani wanatuambia "Kulika amakubo", poleni na safari. Hapa mahujaji tunaitwa abalamazi, na kila mtu anajua tunakoelekea.

Tulipita karibu na kilima cha Old Kampala. Hapo aliuawa Matia Mulumba Kalemba, mmoja wa Mashahidi, aliyekuwa chifu na mtu mzima wa makamo, si kijana wa kasri kama wengi wao. Walimkata viungo mwishoni mwa Mei 1886, wakamwacha. Inasimuliwa kwamba siku mbili tatu baadaye wapita njia walisikia sauti ikiomba maji. Walipoona inatoka kwa nini, wakakimbia.

Wenzangu wanamtaja Mulumba kwa ushujaa wake. Mimi nabaki na wale waliokimbia. Walikuwa watu wa kawaida, na maji labda walikuwa nayo.

Juni 1, Namugongo

Tumefika saa nane mchana. Watu walipiga magoti wakabusu ardhi. Bibi alilala kifudifudi kabisa, mkoba wake ukiwa bado mgongoni. Nilisimama nikishika bendera, maana mbebaji naye alikuwa chini.

Basilika limejengwa kwa umbo la nyumba ya asili ya Kiganda, nguzo 22 kwa idadi ya mashahidi wa Kikatoliki. Waanglikana wana pao hapa hapa, na wao walipoteza 23. Kuna na msikiti, maana Waislamu waliouawa na Muteesa, baba yake Mwanga, miaka kama kumi kabla, nao wana kumbukumbu yao. Mahali pa kuulia pa ufalme palikuwa pamoja. Dini ndizo zimegawana viwanja.

Juni 2

Kutwa kusubiri. Watu wamelala nje kwa maelfu, huku wakipika, wakiungama, wakisukana nywele. Foleni ya kitubio ndefu kuliko ya maji.

Nimesikiliza masimulizi mara tatu kwa lugha tatu. Kabaka Mwanga kijana, kakataliwa na vijana wa nyumba yake: walikataa kuacha dini, walikataa kulala naye, na kwa mfalme kukataliwa ni uasi. Karoli Lwanga, mkuu wa vijana hao, kawabatiza wanne usiku ule kule Munyonyo. Wakaswagwa mpaka hapa, wakasubiri siku saba huku kuni zikikusanywa. Juni 3 wakaviringishwa kwenye mafungu ya matete. Lwanga kwanza, peke yake, pole pole kuanzia miguuni.

Kizito alikuwa na miaka kama 14. Ninafundisha watoto wa umri huo. Wanasahau madaftari, wanapendana Jumatatu wanaachana Jumatano. Mtoto wa kidato cha pili akiniambia yuko tayari kufa kwa ajili ya jambo lolote, wajibu wangu ni kumficha chini ya meza. Wahubiri wanasema "alitoa maisha yake." Mimi nasema alinyang'anywa, na kwamba alikwenda akiimba kunazidisha ubaya wa aliyemnyang'anya. Hili sitalilegezea.

Halafu kuna Mukajanga, mkuu wa wanyongaji. Kati ya vijana wale alikuwemo Mbaga Tuzinde, mtu wa nyumbani kwake, aliyelelewa kama mwanawe. Alimbembeleza akane. Sema tu neno moja, au nikufiche. Kijana akakataa. Mukajanga akaamuru apigwe rungu shingoni kwanza, afe kabla moto haujamfika. Ndiyo huruma aliyoweza kuipata mfukoni siku hiyo. Kwa Abrahamu ilisikika sauti, kondoo akaonekana kichakani. Hapa hakuna aliyeita.

Na Mwanga? Alipinduliwa, akarudi, akapigana na Waingereza, wakamhamishia Shelisheli. Huko akabatizwa, akaitwa Danieli, akafa mwaka 1903. Maji yale yale aliyowaulia. Nilimwuliza bibi kama ana hakika Mwanga yuko mbinguni na Kizito.

"Kama Kizito kamkaribisha, mimi nani?"

"Na kama hakumkaribisha?"

Alifikiri muda mrefu. "Basi bado wanazungumza."

Juni 3

Altare ipo kwenye kisiwa kidogo katikati ya ziwa, na sisi tumezunguka kingo zote hadi mitini. Sikuona kitu ila migongo. "Mwanakondoo wa Mungu, uondoaye dhambi za dunia," umati ukaitikia kama upepo kwenye migomba, na mwili wangu ukasisimka. Sitajifanya haukusisimka. Lakini komunyo sikupokea. Bibi alirudi kutoka kwenye foleni akanikuta nimeshika kandambili zake, akanipigapiga begani.

Mchana nilijaza dumu la lita tano kwa maji ya Namugongo. Zito sana kwa mtu asiyeamini.

Juni 5, Bukoba

Basi limetufikisha alfajiri. Siku nane za kwenda, usiku mmoja wa kurudi.

Mama alikagua miguu yangu kwanza, mmoja mmoja, akanipa mafuta. Kisha akauliza, "Ulisali?"

"Hapana, mama."

"Uliimba?"

"Niliimba."

"Haya."

Nilimweleza fundi viatu wa Masaka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia nje. "Baba yako alikuwa akiota usiku," alisema. "Alikuwa akisema 'lala chini, lala chini.' Nikidhani ananiambia mimi."

Jua lilipopanda aliniomba nimshike mkono tuingie kibanjani. Kaburi la baba lipo kwenye migomba, saruji yake imepasuka upande wa kichwani. Alifungua dumu, akamimina kikombe kimoja kwenye ule ufa, taratibu, akasubiri yaingie. Akamimina kingine. Maji yaliyobaki akanirudishia niyabebe, akasema yatakaa kabatini, pale kwenye dawa zake za magoti.